Mwongozo Kamili wa Kuotesha na Kutunza Mmea wa Shanga (Curio rowleyanus)

Miongoni mwa mimea ya sakulenti, yaani ile inayohifadhi maji ndani ya majani au mashina yake, ni michache inayopendwa sana na kufa upesi kama Curio rowleyanus, mmea wenye nyuzi nyembamba zinazoning'inia zikiwa zimejaa majani ya mviringo mfano wa shanga za kijani. Katika mwongozo huu nitauita mmea wa shanga. Wengi huununua ukiwa umestawi, huutundika karibu na dari, huumwagilia kila wanapoukumbuka, na baada ya miezi michache hubaki na nyuzi mbili tatu zilizonyauka. Nina hakika kwamba sababu kubwa ya hasara hiyo ni kutazama mahali pasipostahili. Macho huvutwa na nyuzi zinazoning'inia, ilhali uhai wa mmea uko juu, kwenye uso wa udongo ambako nyuzi zote huchomoza. Sehemu hiyo nitaiita kitovu, na karibu kila hatua itakayofuata inakihusu.

Tabia yake porini

Asili ya mmea huu ni maeneo makavu ya Afrika Kusini. Mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Hermann Jacobsen, aliueleza kisayansi mwaka 1968 kwa jina la Senecio rowleyanus, akimuenzi Gordon Rowley, Mwingereza aliyejulikana kwa kazi yake juu ya dungusi kakati na sakulenti. Baadaye ulihamishiwa katika jenasi ya Curio, lakini vibandiko vingi vya madukani bado vina jina la zamani, kwa hiyo mnunuzi asidhani kwamba ni mimea miwili tofauti. Uko katika familia moja na alizeti.

Huko porini mmea huu hutambaa juu ya ardhi, chini ya vichaka na kando ya mawe, ambako hupata mwanga mwingi bila kuunguzwa na jua kali la mchana. Kila kifundo cha shina, yaani mahali jani linapochomoza, kinachogusa udongo kinaweza kutoa mizizi yake, hivyo uzi mrefu hunywa maji kutoka sehemu nyingi njiani. Tunapouweka mmea katika chungu cha kutundika tunauondolea msaada huo. Uzi wote, hata ukifikia sentimita 60 au 90, hutegemea mizizi michache iliyo kwenye kitovu, na kitovu kikioza nyuzi zote huanza kufa pamoja, hata kama juma lililopita zilionekana zikiwa na afya.

Majani yake nayo yanaeleza mengi. Jani moja lina kipenyo cha takriban milimita 6, na umbo lake la mviringo hubeba maji mengi huku likiacha eneo dogo tu la ngozi linaloweza kupoteza maji hayo hewani. Upande mmoja wa jani kuna mstari mwembamba unaopitisha mwanga hadi ndani, hivyo usanisinuru hufanyika hata katika tishu zilizo mbali na ngozi. Vitundu vya hewa hufunguka hasa usiku, wakati joto limepungua, na kufunga mchana. Mmea uliojengwa namna hii hutumia maji polepole mno, na mtu anayeumwagilia kwa kasi ya maua ya kawaida anauzidishia kuliko unavyoweza kunywa.

Kuchagua mmea na kuchukua tahadhari

Unapokwenda kununua, usianze kwa kupima urefu wa nyuzi. Tazama chungu kutoka juu. Kitovu kizuri kimefunikwa na majani mabichi, magumu na yenye rangi sawa, na udongo hauonekani sana. Ukikuta katikati pana upara, au majani yaliyo karibu na udongo yamekuwa ya manjano na yanapenyeka mwanga kana kwamba yamejaa maji, uache mmea huo hata kama nyuzi zake zinafika sakafuni. Mmea mfupi wenye kitovu kilichojaa utaupita ule mrefu katika muda usiozidi msimu mmoja wa ukuaji.

Mmea huu una sumu ukiliwa. Una alikaloidi, yaani kemikali za asili za mimea, zinazoweza kusababisha kutapika na kuharisha kwa watu na wanyama, na utomvu wake huwasha ngozi za baadhi ya watu. Mtoto mdogo anaweza kuyadhania majani yake kuwa kitu cha kula, na paka hupenda kuchezea chochote kinachoning'inia, kwa hiyo mahali pa kuuweka paamuliwe kabla ya kuununua. Mwenye ngozi nyepesi kudhurika avae glavu anapoukata.

Chungu

Mizizi ya mmea wa shanga ni mifupi na hukaa karibu na uso wa udongo. Chungu kirefu huacha tabaka la udongo chini ambalo halifikiwi na mizizi, na udongo huo hukaa na unyevu kwa majuma mengi. Kwa mmea mdogo, chungu chenye kipenyo cha sentimita 10 hadi 12 na kina kisichozidi sentimita 10 kinatosha kabisa. Ni lazima kiwe na tundu chini, na katika hili sioni nafasi ya mjadala. Chungu cha udongo wa kuchomwa kisichopakwa rangi wala vanishi ndicho bora kwa anayeanza, kwa kuwa unyevu hupenya kwenye kuta zake na kukauka haraka. Chungu cha plastiki kinafaa kwa mtu ambaye tayari anajizuia katika kumwagilia.

Wengi hufundishwa kuweka tabaka la kokoto chini ya chungu ili maji yatoke vizuri. Ushauri huo huleta matokeo yaliyo kinyume. Maji yaliyoshikwa na udongo laini hayashuki kwa urahisi kwenda kwenye nafasi kubwa zilizo kati ya kokoto. Husimama juu ya tabaka hilo hadi udongo ushibe kabisa, na hivyo sehemu yenye majimaji husogea juu na kuwa karibu zaidi na mizizi. Tandika kipande kidogo cha wavu juu ya tundu ili udongo usimwagike, kisha jaza chungu kwa mchanganyiko mmoja tangu chini hadi juu.

Mchanganyiko wa udongo

Changanya sehemu moja ya udongo wa kupandia wenye mboji iliyooza vizuri, sehemu moja ya mchanga mkubwa uliooshwa, na sehemu moja ya perlaiti (punje nyeupe na nyepesi za mwamba wa volkano) au changarawe ndogo ya volkano yenye punje za milimita 3 hadi 6. Mchanga wa baharini usitumike kwa sababu ya chumvi yake, na mchanga laini wa kujengea hauna faida kwa kuwa huziba nafasi za hewa badala ya kuzifungua. Kama hewa ya mahali pako ni ya unyevunyevu, punguza udongo wa mboji hadi uwe robo ya mchanganyiko.

Ujaribu kabla ya kupanda. Jaza chungu, mwagilia maji mengi mara moja na uangalie. Maji yanatakiwa kuzama ndani ya sekunde chache na kutokea chini muda mfupi baadaye. Yakisimama juu kama dimbwi, ongeza changarawe na ujaribu tena.

Kupanda

Acha udongo wa chungu cha zamani ukauke kwanza, kwa sababu donge kavu hutoka kwa urahisi na nyuzi zisizojaa maji kupita kiasi hazikatiki ovyo. Kusanya nyuzi zote, uzizungushe taratibu juu ya kitovu na kuzifunika kwa kitambaa laini, kisha ulaze chungu kwa ubavu na kukibonyeza pembeni hadi donge lijiachie. Kulishika shina na kulivuta ndiyo njia ya hakika ya kubaki na nyuzi mkononi na mizizi chunguni. Ondoa udongo mzito uliozunguka mizizi kadiri utakavyotoka bila nguvu, na ukate mizizi yoyote ya kahawia iliyo laini.

Weka mmea katika chungu kipya ili kitovu kifike sentimita 1 tu chini ya ukingo. Mmea uliodidimizwa ndani sana hufanya shimo lenye kivuli na hewa iliyotuama, na hapo ndipo kuoza huanzia. Jaza udongo pembeni bila kuushindilia, sambaza nyuzi, kisha usubiri siku 3 hadi 5 bila kumwagilia ili majeraha ya mizizi yapone.

Mwanga

Mmea wa shanga huhitaji saa 6 hadi 8 za mwanga mkali kila siku. Jua la asubuhi la moja kwa moja huupendeza, lakini jua la kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri likiupiga kupitia kioo linaweza kuunguza majani na kuyaachia mabaka ya kahawia yasiyoondoka. Pazia jepesi linatosha kuuzuia ukali huo. Ukiutoa mmea sehemu hafifu na kuupeleka kwenye mwanga mwingi, ufanye hivyo kwa hatua katika muda wa takriban majuma mawili.

Zaidi ya kiasi cha mwanga, tazama unafika wapi. Chungu kilichotundikwa karibu na dari hupokea mwanga wa dirisha kwenye nyuzi za chini, huku kitovu kikibaki gizani juu ya ukingo wa juu wa dirisha. Mmea wa namna hiyo hurefuka na kuonekana unakua, kumbe juu unapata upara, kwa kuwa machipukizi mapya hayatoki penye giza na udongo wa hapo haukauki. Ushushe hadi uso wa udongo uwe katika usawa wa kioo. Rafu iliyo kando ya dirisha mara nyingi ni bora kuliko ndoano ya darini. Kila juma geuza chungu kwa robo ya mzunguko. Kama nyumba haina mwanga wa kutosha, taa ya kuoteshea mimea iliyowekwa sentimita 20 hadi 30 juu ya kitovu na kuwashwa kwa muda wa saa 12 kila siku huufaa sana.

Dalili ya mwanga mdogo ni nafasi kati ya jani na jani kuongezeka, na majani mapya kuwa madogo. Nafasi hizo hazizibiki tena hata mwanga ukiongezwa. Uzi huo unafaa kukatwa na kuoteshwa upya.

Kumwagilia

Hakuna ratiba ya kalenda inayoweza kuutosheleza mmea huu mahali popote na msimu wowote. Kinachohitajika ni kanuni mbili: mwagilia hadi udongo wote ulowe, kisha usubiri hadi udongo wote ukauke. Kunyunyiza maji kidogo kidogo kila siku mbili ni kosa lenye sura ya huruma, kwa kuwa huacha uso wa udongo na kitovu vikiwa na unyevu wakati wote huku mizizi ya chini ikiwa na kiu.

Kabla ya kumwagilia, chomeka kijiti kikavu cha mti hadi chini ya chungu, ukiache dakika chache na kukitoa. Kikitoka na udongo ulioganda au rangi iliyokolea, subiri. Inua pia chungu kwa mikono. Baada ya mara chache utaujua uzito wa chungu kikavu na kile chenye maji bila kijiti. Kisha gusa majani yaliyo karibu na kitovu. Jani lililoshiba ni gumu na halibonyei. Jani lenye kiu hulegea na kufanya mikunjo midogo ya ngozi. Udongo ukiwa mkavu hadi chini na majani yakianza kulegea, huo ndio wakati wake.

Kwa kawaida, katika miezi ya joto na mwanga mwingi, muda kati ya maji na maji huwa siku 10 hadi 14 kwa chungu kidogo, na katika miezi ya baridi huweza kufika majuma 3 au 4, wakati mwingine zaidi. Nambari hizi zikupe makadirio tu. Kijiti ndicho chenye neno la mwisho. Mwagilia asubuhi, ili matone yaliyobaki kwenye kitovu yakauke kabla ya usiku, na umwage maji yote yanayokusanyika kwenye kisahani.

Kitovu kikiwa kimejaa nyuzi kiasi kwamba maji hayapati pa kupita, tumia njia ya chini. Weka chungu ndani ya beseni lenye maji yanayofika theluthi moja ya kimo chake, kiache dakika 15 hadi 20, kisha ukitoe na kukiacha kichuruzike. Njia hii hukilinda kitovu, lakini haiondoi chumvi za maji na mbolea zinazojilimbikiza juu ya udongo. Kwa hiyo baada ya kuitumia mara tatu au nne, mwagilia mara moja kutoka juu kwa maji mengi yanayopita moja kwa moja.

Joto na mbolea

Nyuzijoto 21 hadi 27 za Selsiasi mchana zinaufaa wakati wa kukua. Chini ya 10 hupunguza sana ukuaji wake, na barafu huua majani kwa kuwa maji yaliyomo huganda na kupasua tishu. Mmea unaopata usiku wenye ubaridi wa nyuzijoto 13 hadi 16, pamoja na maji machache, una nafasi kubwa zaidi ya kuchanua. Maua yake ni meupe, madogo na yana harufu ya mdalasini.

Mbolea isitiliwe mkazo. Ile ya maji yenye virutubisho vilivyolingana, iliyozimuliwa hadi nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, itolewe mara moja kwa mwezi katika msimu wa ukuaji na isitolewe kabisa wakati wa baridi. Naitrojeni nyingi hutoa nyuzi ndefu, laini na zinazokatika.

Kuzidisha mmea na kujaza upara

Kata uzi wenye afya wa sentimita 8 hadi 10 kwa mkasi safi. Uache mahali pakavu penye kivuli kwa siku moja au mbili hadi mkato ukauke. Kisha ulaze bapa juu ya udongo uleule wa kupandia uliolowa kidogo, bila kuusimamisha kama mche wa kawaida, na uubane kwa vipande vya waya vilivyokunjwa ili vifundo viguse udongo. Kila kifundo kinachogusa ni mahali panapoweza kutoka mizizi. Weka chungu kwenye mwanga mwingi usio wa jua kali, na unyunyizie uso wa udongo kila unapokauka. Hapa peke yake ndipo unyevu wa mara kwa mara unaporuhusiwa, kwa kuwa kipandikizi hakina mizizi ya kufikia maji ya chini. Mizizi huonekana kwa kawaida baada ya majuma 2 hadi 4; ukiuvuta uzi kidogo nao ukashikilia, anza kumwagilia kwa utaratibu wa mmea mzima.

Jani moja lililochomoka bila kipande cha shina halitegemewi, kwa sababu linaweza kutoa mizizi na kukaa hivyo miezi mingi bila chipukizi. Hapo unatofautiana na Sedum morganianum, sakulenti nyingine inayoning'inia yenye asili ya Meksiko, ambayo majani yake yaliyoanguka huota kwa urahisi. Ndugu zake wa karibu, kama Curio radicans na Curio herreianus, huzidishwa kwa njia ya uzi iliyoelezwa hapa, na matunzo yao hayana tofauti kubwa.

Kwa mmea wenye upara, huna haja hata ya kukata. Chukua nyuzi mbili au tatu ndefu, zirudishe juu, zizungushe kwenye uso wa udongo na kuzibana kwa waya zikiwa bado zimeungana na mama yao. Zitatoa mizizi hapo na kuchipua upya. Napendekeza kazi hii ifanyike kila mwaka mwanzoni mwa msimu wa ukuaji, kwa kuwa ndiyo inayourudishia mmea ile tabia yake ya porini ya kuwa na mizizi mingi mahali pengi. Kuhamishia chungu kikubwa zaidi kunatosha kila baada ya miaka 2 au 3, na chungu kipya kizidi cha zamani kwa sentimita 2 au 3 tu za kipenyo.

Wadudu

Adui wa kawaida ni wale wadudu wadogo waliofunikwa na unga mweupe, ambao hujificha kwenye makutano ya jani na shina. Wafute mmoja mmoja kwa kijiti chenye pamba iliyochovywa katika spiriti ya asilimia 70, na urudie kila juma hadi usione mpya. Vidukari hupenda mashina ya maua. Maji ya kawaida na kukata mashina hayo huwamaliza. Utitiri mwekundu huja hewa inapokuwa kavu sana na huacha utando mwembamba. Nzi wadogo weusi wanaoruka unapogusa udongo ni ishara kwamba uso wake haukauki, na tiba yao ni kupunguza maji.

Kusoma dalili na kuokoa mmea uliooza

Majani yaliyonywea yana maana mbili zinazopingana, na kuzichanganya ndiko kunakoiua mimea mingi. Udongo ukiwa mkavu na majani yamenywea, mmea una kiu; mwagilia hadi ulowe, na katika siku chache majani yatajaa. Udongo ukiwa na unyevu na majani yamenywea, mizizi imeoza na haiwezi tena kunywa, na kuongeza maji ni kuharakisha kifo chake. Majani ya manjano, laini na yanayopasuka yakiguswa yanathibitisha hali hii ya pili.

Ukiigundua, usisubiri. Toa mmea chunguni, tupa udongo wote, na ukague kila uzi kuanzia kitovu kwenda chini. Kata sehemu iliyolainika, kisha utazame mkato: shina lenye afya lina rangi ya kijani au nyeupe ndani, na lililoathirika ni la kahawia au jeusi. Endelea kukata kwa sentimita moja moja, ukifuta mkasi kwa spiriti kila mara, hadi ufike penye rangi safi. Osha chungu kwa maji ya moto na sabuni. Acha vipande vilivyopona vikauke kwa siku mbili, vilaze juu ya mchanganyiko mpya kama vipandikizi, na usivinyunyizie maji kwa siku 3 za mwanzo. Kipande chenye alama ya kahawia katikati ya mkato kisipandwe pamoja na vingine, hata kama majani yake bado ni ya kijani, kwa kuwa uozo umo ndani tayari na utapenya kwenye udongo mpya.